Saidi, zile nyembe za Kijapani nimezijaribu

Mambo vipi mwanangu Saidi,

Za Tanga? Huku Dar ni joto tu, Tabata ile ile unayoijua, vumbi mchana mbu usiku, shemeji yako na watoto hawajambo. Najua nimekaa kimya tangu Idi, ila hii habari ukija kuisikia kwa mtu mwingine utanisema, kwahiyo bora nikuandikie mwenyewe.

Unaikumbuka ile mashine ya kunyolea ya marehemu babu, ya chuma, unazungusha mkia wake huku chini halafu juu inafunguka kama milango miwili unatumbukiza wembe? Si ndo naitumia tangu mwaka jana. Saluni nilishachoka, vipele shingoni kila wiki, nkahamia kwenye ile poda ya kupaka inayonuka mayai viza, napo ngozi ikaungua. Ungeniona shingo ungedhani nimelalia changarawe.

Sasa nyembe nilikuwa nanunua kwa Mangi hapo kona, zile za kawaida, na mi nilikuwa najua wembe ni ule ule bwana, chuma ni chuma. Kumbe ule wembe ulikuwa haukati vizuri, unavuta, na ukivuta mi naongeza nguvu, nikiongeza nguvu ngozi inachubuka, kesho vipele. Mwaka mzima nimekandamiza hivyo na nikajiona fundi.

Mwezi uliopita mume wa dada karudi toka Dubai kaniletea pakiti ya Feather, nyembe 10. Zinatoka Japani, mji wa Seki, huko huko walikokuwa wanafua mapanga ya vita miaka na miaka. Nikacheka nkasema wembe wa panga huo utaingiaje kwenye mashine ya babu, ukaingia kama umepimiwa, maana matundu ni yale yale dunia nzima. King Camp Gillette, yule Mmarekani aliyebuni nyembe za namna hii, alipiga akili sana, wembe mwembamba kabisa, ukiisha makali unatupa. Ila usidhani ilishika mara moja, mwaka 1903 walipoanza kuuza waliuza mashine 51 na nyembe 168 basi, mwaka mzima! Hata Mangi anawazidi.

Jumamosi nkaingia bafuni na mkono wangu ule ule wa kukandamiza. Aisee. Sikusikia maumivu, niliona tu povu limegeuka pinki. Kidevuni, chini ya pua, shingoni mara tatu. Nikapaka spiriti, mwanangu, dua zote za madrasa zilinirudia. Nimetoka na vipande vya tishu usoni, mtoto wa mwisho ananiuliza baba umepigana na nani.

Nikaziweka pembeni wiki nzima, nikataka hata kumgawia jirani. Halafu siku moja nanyoa na wembe wa Mangi nikajiangalia kwenye kioo, nikaona shavu linavyovutika nikikandamiza, nkasema haa, kumbe shida ni mkono.

Sasa hivi nafanya hivi. Naosha uso na maji ya moto, povu la kutosha, mashine naishika mwisho wa mpini kwa vidole tu, uzito wa kile chuma unatosha kabisa wala usiongeze wa kwako. Kichwa nakilaza kwenye shavu kwanza, halafu mpini naushusha taratibu mpaka nisikie wembe umeanza kukata, kama nyuzi 30 hivi toka kwenye ngozi. Na unasikia kweli, ina sauti, kama mtu anakuna nazi nyumba ya tatu. Sauti ikipotea ujue umekosea pembe. Unapitisha kidogo kidogo, unasuuza, unaendelea.

Siku ya kwanza kunyoa hivyo na Feather sikutoka hata tone la damu. Nkalewa sifa, nikarudia kwa kupandisha kinyume na nywele, uso ukawa laini kama kigae, shemeji yako mwenyewe kashika kasifia. Siku ya tatu vipele vyote vimerudi! Nywele zetu hizi za kujikunja ukizikata chini sana zinachongoka, zikianza kuota zinajipinda zinaingia tena kwenye ngozi. Kwahiyo mi makali nayatumia nisikandamize, basi, sio nifukue mpaka mzizi. Napita mara moja tu, kufuata nywele zinavyolala, na shingoni papasa kwanza, mi za chini ya taya la kushoto zinalala kuelekea sikioni, nilikuwa sijui miaka yote hiyo. Vinyweleo vinabaki kidogo ukishika, acha vibaki.

Makali yake hayadumu lakini, mi nikishanyoa mara ya nne nautupa. Nimejaribu na Astra zile za kijani, nazo kali ila zina huruma, ukiteleza hazikuadhibu sana. We na hizo ndevu zako za kuhesabu anza na Astra, Feather utajiua bure.

Nyembe zilizoisha natumbukiza kwenye kopo la maziwa nililolitoboa mfuniko, watoto wasiguse. Na usimwazime mtu wembe wako hata awe mdogo wako, damu haina undugu kwenye hayo mambo.

Nimempa konda wa basi la Tanga mzigo, Astra pakiti mbili na Feather nusu pakiti (nusu nimebaki nayo, samahani). Kaupokee stendi Jumamosi mchana. Na harusi ya mdogo wako ni mwezi ujao sio? Jaribu wiki hii, tafadhali, usije ukajaribu asubuhi ya harusi halafu ukasimama kwenye picha na tishu kidevuni.

Msalimie sana mama, mwambie shikamoo yake iko njiani na mimi.

Hamisi, Tabata