Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: naomba ufunguo wa stoo

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Hospitali Zetu,

KUH: UFUNGUO WA STOO YA WODI YA KUJIFUNGULIA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi wa mabomba, mkazi wa Kayole, Nairobi, na hii ni barua yangu ya tatu kwako. Ya kwanza niliileta ofisini mwenyewe, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nami nikashukuru maana muhuri ulikolea wino vizuri sana. Ya pili niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale langoni, lile ambalo kufuli yake imeshika kutu. Hii naiandika hadharani kwa sababu Alhamisi iliyopita yaliyotupata sisi yamempata jirani yetu wa ghorofa ya tatu, na yeye hakuwa na bahati ya mke wangu.

Nianze na mke wangu. Alijifungua mwezi wa Februari, mtoto akalia, mimi nikaambiwa niende nikalete uji. Niliporudi nilimkuta sista anakimbia. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka lakini mji wa mimba ulikataa kujikaza, na damu ilikuwa inamwagika. Wenye taaluma husema mama akishapoteza nusu lita, hiyo ni dharura. Nusu lita, Mheshimiwa, ni chupa moja ya soda. Alidungwa sindano, tumbo likasuguliwa, akatiwa na dawa ya kusaidia damu igande. Damu haikusikia. Ndipo sista aliponivuta kando akaniambia maneno niliyodhani nimeyasikia vibaya: kimbia duka la dawa, lete mpira wa mkojo, sirinji kubwa na kondomu.

Saa saba usiku. Kijana wa duka alinitazama kuanzia viatuni hadi kofiani, akanitakia usiku mwema kwa sauti ambayo sijaisahau.

Sista aliivisha kondomu kwenye ncha ya ule mpira, akaikaza kwa uzi wa kushonea, akaiingiza ndani ya mji wa mimba, kisha akasukuma maji ya dripu kwa sirinji, moja baada ya nyingine, mpaka puto likajaa. Baadaye alinieleza kwamba hutiwa kati ya mililita 300 na 500, na kwamba puto huzisukuma kuta kwa ndani hadi mishipa inayovuja ibanwe. Hakuhitaji kunieleza mara mbili. Bomba likivuja mahali pasipofikika kwa mkono, nasi huingiza mpira ndani tukautia upepo ukaziba. Damu ilipungua, ikawa matone, ikakata. Puto lilikaa humo hadi kesho yake, likapunguzwa maji kidogo kidogo. Mke wangu yuko nyumbani na mji wake wa mimba anao. Juzi amenigombeza kuhusu kodi, na nikafurahi.

Usidhani sista alibuni mchezo wake. Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kupata. Daktari Sayeba Akhter wa Dhaka, Bangladesh, pamoja na wenzake, walichapisha habari za kondomu hiyo mwaka 2003: wanawake 23, na wote damu ilikoma ndani ya dakika 15. Alitumia vitu vya bei rahisi kwa kuwa maputo maalumu yalikuwa ghali kwa wagonjwa wake. Na puto katika matibabu si jambo la jana. Daktari Fogarty wa Marekani aliandika mwaka 1963 jinsi ya kuvuta damu iliyoganda kwenye mishipa kwa puto dogo, na mwaka 1977 huko Zurich, Uswisi, Daktari Grüntzig akapanua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho kwa puto vilevile. Wenzetu wanazibua moyo, sisi tunagongea maduka ya dawa.

Najua puto haliponyi kila kitu. Kipande cha kondo kikibaki ndani, au njia ya uzazi ikichanika, hiyo ni kazi ya daktari, na mara nyingine kisu hakikwepeki. Sibishani.

Kilichonichoma ni asubuhi yake. Mwenye stoo alifika saa mbili, akafungua kabati, na humo ndani mpira wa mkojo ulikuwamo, sirinji zilikuwamo, na kondomu za serikali zilijaa boksi zima. Hatua kumi kutoka kitanda cha mke wangu. Ufunguo ulikuwa umelala nyumbani kwake. Nasikia glavu ziliwahi kuibwa, ikatoka amri kwamba ufunguo uwe mmoja na ushikwe na mtu mmoja. Labda ndivyo. Labda ni mambo ya ukaguzi. Damu ya mtu haisubiri saa mbili asubuhi.

Sasa huyu jirani, nami naandika kwa ruhusa yake. Mtoto wake wa kwanza. Stoo imefungwa, mumewe yuko zamu ya usiku Viwandani, hakuna wa kutumwa dukani. Alipofikishwa hospitali ya pili kwa ambulansi, madaktari hawakuwa na njia ila kuuondoa mji wa mimba. Yuko hai, tunashukuru. Mumewe ameniuliza mimi, kwa kuwa najua habari za puto, kama lingemwokoa na hilo. Sikuwa na la kumjibu. Pengine wewe unalo.

Siku ya kuzindua wodi hiyo ulikata utepe ukatuahidi kwamba hakuna mama atakayetumiwa mtu dukani. Nilikuwepo. Masinki matatu ya mle ndani niliyafunga mimi, na mpaka leo yanatoa maji. Katiba nayo, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikuongeza kwamba ni saa za kazi tu.

Katika barua ya kwanza niliomba mambo saba: damu ya akiba, mafunzo, ambulansi, na mengine. Katika ya pili nikaomba matatu. Leo naomba moja. Ufunguo wa stoo ukae na sista wa zamu. Usiku pia. Jumapili pia. Kama shida ni kuchonga wa pili, sokoni kwetu yupo fundi anayechonga mteja akisubiri, na gharama yake nitalipa mimi.

Wako mtiifu,
Fundi wa mabomba, Kayole