Programu ya benki inanitaka nipepese macho

Mhariri,

Mjukuu wangu yuko darasa la tano na anaijua namba yangu ya siri. Pensheni ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kujua, na siku hiyohiyo viatu vyake vya shule vinaanza kubana. Simlaumu. Namba nilimpa mwenyewe, baada ya benki yangu kubadilisha programu yake ya simu.

Sioni tangu utotoni. Surua ndiyo iliyonifumba macho. Hata hivyo nilikuwa nikituma pesa, nikilipa umeme na kuangalia salio bila kumwita mtu. Simu nyingi za tachi zina kisoma skrini ndani yake: kwenye Android kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone VoiceOver, na vyote viwili vilianza mwaka 2009. Hununui kitu. Unakiwasha, unapitisha kidole juu ya kioo, kinakutajia unachokigusa. Ukigonga mara mbili ndiyo umebonyeza. Siku ya kwanza niliposoma meseji zangu mwenyewe nilikaa barazani mpaka usiku, nikisoma hata matangazo ya kampuni ya simu.

Lakini kisoma skrini nacho hakina macho. Kinasoma lile neno ambalo mtengenezaji wa programu ameliandika nyuma ya kitufe. Akiweka kipicha cha mshale bila neno, hakina cha kusema. Programu mpya ya benki yangu naipapasa juu hadi chini nasikia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kipi ni salio, kipi ni kutuma? Nikibahatisha vibaya, laki zangu zimekwenda. Nilipiga huduma kwa wateja. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, bonyeza ile ya kijani."

Kituko zaidi kilikuwa kuhakiki uso. Maelekezo ya kuweka uso ndani ya duara yaliandikwa tu, hayakutamkwa, basi mjukuu akanishikia simu. Tukaliweza hilo. Kisha programu ikanitaka nipepese macho.

Mtasema nitumie menyu ya nyota na reli. Naitumia, ila kisoma skrini kikifika chaguo la sita, muda umekwisha na menyu imejifunga. Kwa wakala je? Huko nakabidhi simu na namba ya siri kwa pamoja.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja habari na mawasiliano sambamba na majengo na barabara. Tawi langu la benki lina mteremko mzuri wa viti mwendo mlangoni; nimeupima kwa fimbo yangu. Mlango wa kwenye simu ndio waliouziba.

Wenye benki na kampuni za simu, kabla ya kutoa toleo jipya mpeni asiyeona mmoja simu, mkae kimya, mumwangalie akituma elfu kumi. Na Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo, iwaulize kama wamefanya hivyo.

Mimi nipo tayari kujaribu, bila malipo. Kwa sasa natafuta mahali pa kubadilishia namba ya siri, ila kitufe chake sijakipata.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe