Dada, mwache mtoto akasome akiolojia, ila chuo tukichague kwa macho makavu

Dada yangu, shikamoo. Poleni na hiyo baridi ya Iringa, na shemeji umsalimie sana.

Ule ujumbe wako mrefu wa WhatsApp nimeusoma wote mpaka pale uliposema "mtoto ana divisheni wani ya HGL halafu anataka kwenda kuchimba mifupa". Nimecheka, unisamehe. Nakujibu kwa barua na naiacha wazi, maana kila matokeo ya fomu siksi yakitoka kuna wazazi wananiuliza hayohayo, sasa bora niseme mara moja wote wasome.

Kwanza mwambie shemeji sisi wanaakiolojia hatutafuti hela za Mjerumani. Najua ndo anachofikiria, hata vijijini tukifika na kamba zetu na vigingi watu wanajua tuna ramani ya rupia zilizofukiwa, na tukitoa vigae vya vyungu na mavi ya chuma wanaona tunawazuga tu, mali yenyewe tutarudi kuichukua usiku. Kwa hiyo asitegemee kupata kitu mtoto akienda fildi. Na kwa sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huwezi kujichimbia tu bila leseni, na ukikipata kitu sio chako.

Halafu lile la ajira. Sitakudanganya kwamba serikali inaajiri kila mwaka, nafasi za mhifadhi wa mambo ya kale zinatoka chache na zinagombewa. Lakini watu wengi wanaishia hapo kwenye makumbusho na serikali wakati kazi kubwa siku hizi iko kwenye miradi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga lina kilomita 1,443, huwezi kutoboa ardhi urefu wote huo bila mtu kupita mbele akaangalia kuna makaburi gani, kuna tanuru za chuma, kuna zana za mawe, sehemu za matambiko. Mabenki yanayokopesha miradi mikubwa yanataka viwango vya IFC, lile shirika la Benki ya Dunia, na kile namba 8 ni cha urithi wa utamaduni peke yake. Sasa nani anafanya hiyo kazi? Mwanaakiolojia. Na usidhani ni kazi ya kugonga mihuri. Zile nyayo mpya za Laetoli kule Ngorongoro, sio zile za Mary Leakey za mwaka 1978, hizi zilizotangazwa Desemba 2016, zilipatikana kwa kazi kama hiyohiyo: walitaka kujenga makumbusho pale, ikabidi eneo likaguliwe kwanza, timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Profesa Fidelis Masao na Ichumbaki wakachimba vishimo vya majaribio, wakakuta nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliopita miaka milioni 3.66 iliyopita, kama mita 150 tu kutoka zile za zamani. Yaani bila ule ukaguzi wangejengea juu yake. Ajira nimemaliza, tuje kwenye chuo maana hapo ndo naona mnaenda kombo.

Umesema unataka asome Mkwawa, hicho chuo cha elimu hapo Iringa, kwa sababu ni karibu, atalala nyumbani, hamna gharama ya hosteli. Nakuelewa dada. Ila Mkwawa nguvu yake ni ualimu, akiingia pale anatoka mwalimu wa historia, ni kazi nzuri na mimi mwenyewe nimefundishwa na walimu wa pale, lakini sio alichoomba. Usimpeleke dukani kununua viatu ukarudi naye na sweta ukamwambia si vyote vya kuvaa.

Kwa hapa nchini akiolojia yenyewe kama akiolojia nyumbani kwake ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilianza kufundishwa pale mwaka 1985, Mmarekani Peter Schmidt ndo alisaidia kuisimamisha, na tangu hapo karibu majina yote unayoyasikia yamepita pale kama wanafunzi au walimu: Felix Chami wa mambo ya pwani na Mafia, Bertram Mapunda wa uyeyushaji chuma, Audax Mabulla aliyekuja kuongoza Makumbusho ya Taifa. Vyuo vingine utakuta akiolojia imeingizwa ndani ya historia, au ndani ya utalii, au inaitwa urithi wa utamaduni, na hapo ndo inabidi mzazi uache kuangalia jina la chuo na majengo ufungue orodha ya kozi. Kama kwa miaka mitatu mtoto anasoma "utangulizi wa akiolojia" semista moja halafu zinazobaki ni hoteli na kuongoza watalii, hiyo ni digrii ya utalii, sio mbaya, ila iiteni jina lake. Na hii ina madhara baadaye, maana matangazo ya ajira za serikali yanaandika wazi shahada ya nini inatakiwa, na mfumo haumuonei huruma mtu ambaye cheti chake kimeandikwa kitu kingine hata kama anajua kuchimba kuliko wote.

Sasa swali ambalo ningetaka muulize kila chuo, na hili ndo la msingi kuliko mengine yote: wanafunzi wenu wanachimba wapi, kwa wiki ngapi, na nani analipa? Basi. Usiulize "mna fildi?" maana kila chuo kitakujibu ndiyo, kuna vyuo fildi yao ni basi kwenda Bagamoyo asubuhi, wanapiga picha kwenye magofu ya Kaole, wanakula chipsi, jioni wamerudi, na kwenye matokeo inahesabiwa. Fildi ninayosema ni ile mnakaa kambini, unapewa mraba wako wa mita moja kwa moja, unashuka sentimita kumi kumi, unachekecha udongo wote, unaandika rangi ya udongo na kila kilichotoka, jioni mnaosha vigae mnavipanga mnavipa namba, na lekchara anapita anakuuliza kwa nini ukuta wa shimo lako umepinda. Mwanafunzi akipitia hiyo mara mbili tatu kabla ya kumaliza, huyo atapata kazi ya muda kwenye mradi kabla hata ya kuvaa joho, maana wenye miradi wanaulizana "nani anajua kushika mwiko wa kuchimbia?", hawaulizani GPA (sio kwamba GPA haina maana, masters bila GPA utapata tabu, asije akasoma hapa akaacha kusoma).

Na muulize tena, walimu wenu sasa hivi wako kwenye mradi gani? Sio walifanya nini miaka ya tisini. Kwa sababu mwalimu mwenye mradi ndo anayebeba wanafunzi, na mradi ndo unaleta wageni, na wageni ndo wanaleta nafasi za masomo ya nje. Mfano uko hapo kwenu dada na hujui. Pale Mlambalasi mnapoenda kwenye kaburi la Mkwawa, lile pango la mawe juu yake ni eneo la kale sana, limechimbwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, yeye huyohuyo amechimba na kule Magubike. Na Pastory Bushozi wa Mlimani PhD yake kaifanyia hukohuko Alberta. Ndivyo inavyokwenda kwenye fani hii, watu wanajuana shimoni.

Kwa hiyo hili wazo la shemeji la kuuza kile kiwanja ili aende Uingereza digrii ya kwanza, mimi nasema hapana, hapana kabisa. Sio kwamba vyuo vya kule vibaya. Ila atasoma miaka mitatu kuhusu Warumi, atachimba kwenye matope ya kule, halafu akirudi hajui kutofautisha kigae cha Kilwa na cha juzi, hajui njia ya kupata kibali cha utafiti COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya kuchimba, hamjui mtu hata mmoja kwenye Idara ya Malikale. Wenzake wa Kanada na Marekani wanapanda ndege kuja kuchimba Oldupai na Isimila, sisi tunauza kiwanja tupishane nao angani! Digrii ya kwanza asome huku kwenye vitu vyenyewe, masters aende nje kwa ufadhili, na aende mahali kwa sababu ya kitu maalumu. Akipenda michoro ya mapangoni kama ile ya Kondoa, Wits kule Johannesburg wana taasisi nzima ya michoro ya miambani.

Nairobi je? Uliuliza kwa sababu ya yule rafiki yako wa Ngong. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha akiolojia, na Wakenya wana utajiri wa ajabu upande wa Turkana na jumba lao la makumbusho lina watafiti wa kweli. Kama angekuwa anaishi kule ningesema aende bila kufikiria. Ila kwa Mtanzania piga hesabu ya ada na kuishi, na mkopo wa bodi, mimi naona haina faida ya kutosha kwa digrii ya kwanza. Aiweke Nairobi kwenye akili kwa ajili ya fildi skuli na makongamano.

Kitu kingine, na hiki mwambie yeye mwenyewe. Akiolojia peke yake haitoshi, lazima ashike na ufundi mmoja mkononi. Ramani za kompyuta, GIS, ndo inayolipa haraka kwenye miradi. Mifupa inataka baiolojia na yeye ni wa HGL, sio mwisho wa dunia ila atahangaika. Kuzamia, maana akiolojia ya chini ya maji pwani yetu bado watu ni wachache mno, lakini najua mama yake utazimia nikiendelea, tuiache. Chuo kinachomruhusu kuchukua kozi za jiografia au jiolojia idara nyingine kina thamani kuliko chenye geti zuri.

Na macho. Hii haifundishwi vizuri popote. Kamoya Kimeu wa Kenya hakuwa na digrii, alianza kama kibarua kwa kina Leakey, ile familia ya watafiti wa binadamu wa kale, mwaka 1964 akapata lile taya la Peninj kule Ziwa Natron, mwaka 1984 akaokota kipande cha fuvu kikageuka kuwa yule Kijana wa Turkana, mifupa karibu yote ya mwili. Maprofesa walikuwa wanatembea nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa hela ya aplikesheni yoyote mpeleke Isimila, ni kilomita kama 20 tu hapo njia ya Mbeya, kiingilio sio hela ya kuuza ng'ombe. Amuombe muongozaji amuonyeshe zile zana za mawe zilipolala, zile shoka za mkono, akae nazo. Usiende naye na watoto wote na keki, nenda naye mwenyewe. Akianza kuuliza maswali mpaka muongozaji anachoka, mna jibu lenu. Akiwa anatafuta kivuli na netiweki, nalo ni jibu, na tutakuwa tumeokoa miaka mitatu.

Kuhusu sifa za kuingia usipate presha. Kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kiwango cha chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya alama 4, yeye na divisheni wani yake amevuka kwa mbali, ila kila kozi ina masharti yake kwa hiyo pakueni mwongozo wa TCU wa mwaka huu, sio ule wa mtoto wa jirani wa mwaka juzi. Mkopo aombe mapema, vyeti vya kuzaliwa mkahakiki RITA sasa hivi, msisubiri wiki ya mwisho mfumo umelemewa kila mtu analia. Na kwenye bajeti wekeni hela ya fildi pembeni, maana bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linaliwa na chakula na vocha.

Kuhusu binti kulala porini na wanaume, najua ndo swali ulilolificha chini kabisa. Kambi za chuo zina wasichana wengi tu, mahema yanatengwa, na lekchara anawajibika. Swali zuri la kuuliza idara ni kama kuna mwalimu wa kike anayeenda nao fildi na utaratibu gani upo mtu akisumbuliwa. Wakijibu bila kubabaika, sawa. Wakianza kucheka, futa hicho chuo.

Nitakuwa Dar mpaka mwisho wa mwezi. Mlete mtoto wiki moja, nitampeleka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert akaone lile fuvu la kale la Oldupai wanaloliita Zinji, kisha tupande Mlimani tuingie idarani tuulize hayo maswali ana kwa ana, na shemeji kama ana nafasi aje, akiwa na lile swali lake la hela za Mjerumani awaulize wenyewe.