Barua kwa vijana wa bendi mbili zilizokuwa moja

Wanangu, shikamoo zenu zimefika, marahaba. Kila kambi imenitumia voisi yake, hawa dakika nne, wale dakika kumi na moja (wa kumi na moja anajijua), na wote mnataka kitu kimoja, mzee aseme nani mkosaji kwenye huu ugomvi wenu wa jina la bendi na nyimbo. Sisemi. Naandika hapa hadharani kwa sababu nyie wenyewe mmeleta mambo hadharani, mmetukanana insta mpaka mama zenu wakatajwa, basi na mzee naye aposti.

Mimi nimeshuka TAZARA mwaka 1977 na gita moja na mashati mawili, nimetokea Lubumbashi, nikapiga gita la ridhim kwenye kumbi za Dar karibu miaka ishirini. Kwa hiyo bendi kuvunjika kwangu sio habari. Kilichonishtua ni ule waya wa amplifaya uliokatwa na kisu usiku wa kuamkia shoo ya wenzenu. Hiyo ndio imenifanya nisilale.

Mnajiita wana wa rumba, mnajua sebene zote za zamani, zile sehemu za magita za kuchezesha watu, lakini naona hamjui zilipigwa na watu waliokuwa wanaishi vipi. Mwanzoni mwa 1960 wakubwa wa Kongo wako Brussels wanazungumza uhuru, mwimbaji Kabasele akaenda kule na bendi yake ya African Jazz. Kwenye kundi lile alikuwepo Vicky Longomba, alikuwepo Brazzos. Wa nani hao? Wa OK Jazz! Watu wa Franco, bendi pinzani kabisa, mji mzima wa Kinshasa ulikuwa umegawanyika huyu shule ya African Jazz huyu shule ya OK Jazz. Wakapanda ndege moja, na ule wimbo wa uhuru, Indépendance Cha Cha, ukatoka huko, mpaka leo ukipigwa hata mtoto wa Kongo aliyezaliwa juzi anasimama.

Sisemi walikuwa malaika jamani. Mwaka 1963 mwimbaji Tabu Ley na mpiga gita Nico wakamwacha Kabasele na karibu bendi nzima, wakaunda African Fiesta, na miaka miwili tu hao hao wakashindwana, kila mmoja akang'ang'ania jina, Nico akawa African Fiesta Sukisa, Tabu Ley African Fiesta National. Mnaona? Nyie mnagombea jina leo mkadhani mmeanzisha nyie. 1972 mwimbaji Sam Mangwana katoka kwa Tabu Ley kaenda kwa Franco, mashabiki wa Tabu Ley wakamuona msaliti, ilikuwa kama mchezaji wa Simba asubuhi kaonekana mazoezini Yanga. Baadaye karudi kwa Tabu Ley, kisha kaenda zake Afrika Magharibi, na 1982 anatoa sahani ya muziki na Franco tena. Hakuna aliyemkatia waya wa maiki.

Na walisemana! Franco alikuwa bingwa wa mbwakela, yale mafumbo ya Kinshasa ambayo pwani huku wangeita mipasho, anakuimba wewe bila jina na mtaa mzima unajua ni wewe. Dawa yake ilikuwa nini, unaingia studio unatunga wa kwako mkali zaidi. Mpinzani alikuwa anakuamsha saa kumi na moja alfajiri ushike gita. Halafu 1983 Kabasele amefariki, Franco na Tabu Ley, hawa mafahari wawili wa Kongo nzima, wakarekodi pamoja, na moja ya nyimbo zile ni ya kumlilia yule mzee. Sikilizeni sauti ya Tabu Ley inavyopanda na gita la Franco linavyomsubiri, halimkimbilii. Mtu huwezi kumsubiri hivyo kama humjui vizuri.

Sasa mfano mwingine mnaujua zaidi yangu, Wenge. Bendi ya vijana wa Bandal, mtaa wa Kinshasa, iliyoanza mwaka 1981, ikapasuka Desemba 1997, JB Mpiana huku, Werrason kule, na mashabiki ndio wakawa wabaya kuliko wanamuziki wenyewe. Stejini pamoja tena wamepanda tarehe 30 Juni 2022, uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Pigeni hesabu. Karibu miaka ishirini na mitano! Vijana walioachana na jasho la ndombolo wamerudiana na vitambi.

Na mimi sina pa kujisifia. Mpiga solo wetu, tumekula naye sahani moja, alihama usiku mmoja akaenda bendi ya pili na wimbo tulioutunga wote barazani kwangu, redioni ukatoka kwa jina lake peke yake. Sikumsalimia miaka sita. Nikimuona Magomeni nabadilisha upande wa barabara. Sasa miaka ile ya themanini mwanzoni bidhaa hakuna, sabuni yenyewe foleni, nyuzi za gita ndio usiseme, tulikuwa tunachambua waya wa breki ya baiskeli tunafunga. Jumamosi moja uzi wangu wa kwanza ukakatika, ukumbi umejaa. Akaja kijana na bahasha ya kaki, ndani uzi mmoja mpya umekunjwa kama tambi, hakuna hata barua. Nilijua umetoka wapi, maana Dar nzima ni yeye tu aliyekuwa na shemeji baharia. Nikaufunga nikapiga mpaka saa tisa usiku. Asante sikusema! Kiburi hicho. Leo yuko Lubumbashi, sikio moja halisikii vizuri, tunaandikiana WhatsApp na bado tunagombana nani alianza ile kolasi, ila ile miaka sita kila mmoja anajua tuliipoteza bure.

Kwa hiyo wanangu. Nyimbo mlizotunga pamoja kaeni muandike majina ya wote, zipelekwe zikasajiliwe, mapato yagawanywe, maana nusu ya ugomvi huu ni pesa mmeivika nguo ya heshima. Jina la bendi wasibaki nalo hawa wala wale, tafuteni mapya mawili. Ukitaka mwanamuziki wa mwenzio mpigie simu bosi wake mwenyewe, usimtume dereva wa bodaboda. Na wewe rapa, acha kurusha vijembe vya kulipiwa, mfanyabiashara akikupa laki umtukane mwenzio leo, kesho atampa yeye laki mbili akutukane wewe. Mafumbo ruksa, ila yawe na vina.

Jumatatu bendi zote mnapumzika. Saa kumi jioni njooni kwangu, sitaki mashabiki, sitaki mtu arekodi laivu, mke wangu atapika pondu, kisamvu cha kwetu, na ugali. Aliyekata ule waya aje nao mfukoni, simuulizi kitu, nitauchomelea mwenyewe hapo hapo mezani na yeye ataushika ncha ya pili.