Nyumba Haipo, Mbona Mmetutoza?

Jamani naomba hili niliseme mara moja liishe, maana kila msimu ukichanganya sisi tunaotembeza wageni Unguja tunapata meseji ile ile. Mteja karudi hotelini, kaoga, kala, halafu anaandika: "Tulilipia kuona jumba la Sultani la shambani, nyie mmetupeleka kuona bafu." Mwingine akaongeza kwamba hata bafu lenyewe halina maji.

Haya. Kidichi, hiyo sehemu ya mashambani tunayowapeleka, ni bafu. Tumeandika hivyo kwenye ratiba, tunasema kwenye simu, na ndani ya gari nasema tena. Sultani Seyyid Said alilijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazad, ili wakipanda huko juu kukagua mashamba wapate pa kuoga vumbi. Nyumba ya kupumzikia ilikuwepo kweli, ila imeshakwenda zamani, hamamu, yaani hilo bafu, ndo limebaki. Sasa tukujengee nyingine?

Ukiingia mwenyewe mle utaona kuta zenye ukungu, kijukwaa cha mawe na kuba lenye vitundu juu, dakika 3 umemaliza unaulizia soda. Sisi tukiingia kwanza nawasimamisha watu macho yazoee giza, halafu nawasha tochi ya simu naisogeza karibu kabisa na ukuta, namulika kwa ubavu, sio kwa mbele, na hapo ndo maua yanatokeza kwenye plasta, na ndege, na mitende. Ukimulika usoni mwa ukuta huoni kitu, na ukipiga picha na flashi unaondoka na picha ya ukuta mweupe, wengi wanazo kwenye simu zao. Halafu naeleza kwamba Seyyid Said alikuwa Ibadhi, moja ya madhehebu ya Kiislamu, na Waibadhi mapambo mengi hawayataki, picha za viumbe ndo kabisaa, kwa hiyo wale ndege pale ukutani ni mambo ya upande wa mke. Hiyo dakika moja ya tochi huikuti kwenye kibao chochote.

Tuje kwenye bei. Najua papasi wa Forodhani, wale vijana wanaovizia watalii mtaani, kakwambia nusu ya bei yetu, tunaambiwa kila siku. Bei yetu ndani yake kuna gari inayokusubiri (na gari ikisubiri inasubiri kwa hela), kuna viingilio, maji, na mtembezaji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii. Kuna vijana wanne kutoka Dar walituona sisi wezi, wakaenda na papasi. Daladala mpaka Bububu, bodaboda mpaka Kidichi, kufika pale kumbe kiingilio hakimo kwenye ile bei, wakalipa. Baadae wakapelekwa shamba la viungo la "binamu", mkwezi akapanda mnazi anaimba, bakshishi, wakavishwa taji la makuti, bakshishi, mwisho wakakalishwa mbele ya meza ya sabuni na mafuta ya kunukia mpaka mmoja akaona aibu akanunua. Wametoka pale papasi hapokei simu. Saa 11 jioni wananipigia mimi niwafuate, na gari ya kutoka mjini saa hizo haiji kwa bei ya asubuhi. Jumlisha mwenyewe. Na magofu ya kasri la Mtoni hawajayaona.

Mtoni nayo ndo hiyo kila mtu anataka tuitoe ili bei ishuke. "Kaka si magofu tu, tupite moja kwa moja shamba." Sisi tunaanza Mtoni kwa makusudi kwa sababu mambo yote ya shamba yanaanzia pale. Ni kasri kongwe kabisa la masultani Unguja, Salme, binti wa Seyyid Said, kazaliwa humo 1844, na karafuu za mwanzo zilizoletwa na Saleh bin Haramil zilipandwa hapo na Kizimbani. Kisha Seyyid Said akatoa amri, kwa kila mnazi mmoja panda mikarafuu mitatu, ukikaidi shamba linaondoka. Ukilijua hilo, ukifika Kidichi unaelewa kwa nini mtu mwenye kasri baharini anahangaika kujenga hamamu porini. Usipolijua, ndo unaandika meseji ya bafu.

Kuna wengine wanalalamika tunawaharibia safari. Maharusi fulani walinambia kwenye gari, "Anko, tumekuja kuinjoi, hayo ya watumwa ruka." Siruki. Karafuu hazikujichuma. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukaja kufutwa kisheria 1897, hiyo miaka 24 katikati mikarafuu ilikuwa inachumwa na nani? Tena naeleza kwa kifupi, hakuna aliyelia.

Na wa "mbona mikarafuu michache", kimbunga cha 1872 kililaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, ndo maana karafuu leo ni Pemba. Na jumba la mwenye shamba hulioni kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali, wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Pale unapopita ni shamba la mtu, analima, anaishi, usichume kitu bila kuuliza. Halafu jamani ule mkeka wenye karafuu juani msiukanyage! Dada mmoja alisimama katikati na raba zake anapiga selfi, mwenye mkeka alitoka ndani na maneno ambayo sikuyatafsiri kwa wageni wengine. Zile zimechumwa kabla ua halijafunguka, zimechambuliwa makonyo (vile vijiti vyake) kwa mkono moja moja, zimeanikwa siku kadhaa, na zikishapondeka mnunuzi anazikataa.

Kwa hiyo kabla hujalipa uliza tu: nyumba ipo? Tutakujibu haipo. Bado unataka, oda iwe jana yake jioni, tunatoka saa 2 asubuhi, viatu vya kufunga sio ndala maana njia ya shamba ina matope. Wanaotaka kubana fungu la mchanga la Nakupenda asubuhi na shamba mchana siku hiyo hiyo, hapana, maji yakichelewesha boti mnafika Kidichi jioni giza. Masika ikikaza tunahamisha siku, hela yako inabaki pale pale.