Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mtihani wa Misingi na Hali ya Chama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati kuu, nawakaribisha katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha watayarishaji programu hapa Kisumu. Shughuli za kawaida mnazijua: mikutano ya kila mwezi iliitishwa, wanafunzi wa shule za upili walipokelewa siku ya maonyesho, tarakilishi kuukuu zilikarabatiwa zikapelekwa Ahero na Muhoroni, na tafrija ya Desemba ilifanyika Dunga kama ilivyo ada. Katibu anayo maelezo, kwa hiyo sitakawia hapo.

Lililozua maneno mwaka huu ni uamuzi kwamba chama hakitampendekeza mwanachama yeyote kwa mwajiri kabla hajafanya mtihani wa misingi ya utendaji wa tarakilishi, kwa kalamu na karatasi, bila tarakilishi wala simu. Katika kundi letu la WhatsApp nimeitwa dikteta, na wapo walioandika kwamba nawafungia vijana mlango wa riziki. Ni haki yenu kupata maelezo kamili.

Waajiri waliokuwa wakichukua vijana wetu kwa kuniamini mimi binafsi walianza kunirudia na lalamiko lile lile: vijana wanajua kuunda ukurasa wa tovuti unaopendeza, lakini wakiulizwa nambari inahifadhiwaje katika kumbukumbu ya tarakilishi, hawana jibu. Nilikwenda kushuhudia mahojiano kadhaa na nikakuta ni kweli, ndipo nikaketi kutunga maswali ya mtihani huo mwenyewe.

Swali la kwanza lilikuwa hili: programu inajumlisha senti kumi, yaani 0.1 ya shilingi, mara kumi. Je, itapata shilingi moja kamili? Wengi waliandika ndiyo bila kusita. Katika nambari za desimali za biti 64 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), ambazo JavaScript na lugha nyingine nyingi za kuandikia programu huzitumia, jibu ni 0.9999999999999999, kwa sababu sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, yaani ule wa 0 na 1 pekee, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu katika desimali zetu za kila siku. Asiyejua hili ataandikia chama cha akiba na mikopo programu inayolinganisha malipo na deni, na mkopaji aliyelipa hadi senti ya mwisho ataonyeshwa kuwa bado anadaiwa. Anayejua huhifadhi pesa kwa senti, katika nambari kamili, na tatizo hilo halizuki.

Swali la pili lilihusu jina Ong'ondo, ambalo mfumo ulikuwa umelisajili mara mbili kama la watu wawili tofauti. Ritifaa, yaani ile alama iliyo baada ya ng, ikiwa imenyooka huchukua baiti moja (biti nane) katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi katika tarakilishi, ilhali ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, huchukua baiti tatu. Kwa macho yetu jina ni moja, kwa tarakilishi ni mawili. Katika eneo hili lililojaa majina yenye ng', mtayarishaji programu asiyelijua jambo hilo atawasumbua wateja kila siku, na majibu mengi niliyosahihisha yalipendekeza tu kwamba mteja ajisajili upya.

La tatu lilihusu mifumo inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika biti 32, ambayo nafasi yake itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo unaivuka tarehe hiyo, kwa hiyo hili si jambo la kuwaachia wajukuu.

Nimeambiwa kwamba siku hizi akili unde inaandika yote haya. Inaandika, lakini inaweza kuandika hata kosa lile la senti kumi, na sijui ni nani atakayeligundua ikiwa anayekagua kazi haelewi biti ni nini. Wala sikusema kwamba vijana ni wavivu. Wengi walijifunzia kwenye simu, kwa bando za usiku, kupitia video zinazomrusha mtu moja kwa moja hadi kwenye vifaa vilivyokwisha kuundwa na wengine, na walipoingia chuoni hakuna aliyewarudisha chini. Ndiyo maana nimekuwa nikifundisha misingi hiyo kila Jumamosi bila malipo, na waliovumilia walifaulu waliporudia mtihani.

Kuhusu madai kwamba niliamua peke yangu, hoja hii iliwekwa katika ajenda mara mbili. Chama kina wanachama 96, akidi ni 32, na mkutano uliojaa zaidi kati ya hiyo miwili ulikuwa na watu 21. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua pale akidi isipotimia, na ndivyo ilivyokuwa. Inasikitisha kwamba ukumbi hujaa kukiwa na chakula, ukabaki mtupu kukiwa na jambo la kujadiliwa.

Hali ya ada nayo haifurahishi. Kwa shilingi 1,200 kwa mwaka tulitarajia shilingi 115,200. Waliolipa ni 38, tukapata 45,600, na upungufu wa shilingi 69,600 ndio uliotufanya tuhame ukumbi. Baadhi ya wanaoupinga mtihani kwa sauti kubwa zaidi hawajalipa kwa mwaka wa pili sasa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ukumbi wa kudumu, kuzungumza na vyuo vya eneo hili kuhusu ufundishaji wa misingi, na pengine kupata mfadhili wa vitabu. Mtihani utaendelea maadamu ningali katika kiti hiki. Masomo ya Jumamosi yataanza saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na kalamu na daftari, na wenye malimbikizo ya ada wamwone mweka hazina kabla hawajaondoka leo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti