Mama, Jumamosi hii zamu ya kuchagua picha nimewapa nyie

Mama shikamoo. Mwangaluka mayu. Baba naye mpe shikamoo yangu, mwambie hii ni ndefu asijaribu kuisoma mwenyewe kwenye kale kasimu kake, macho yatamuuma bure, mdogo wangu awasomee wote jioni mkiwa mmekaa hapo barazani, ila akifika kwenye mapanki asiruke hata neno.

Kwanza dagaa wamefika. Yule mama wa Nyegezi kanifikishia wote, ingawa begi lake lilikuwa linanuka hadi nguo na sidhani kama atanibebea tena. Niliwakaanga siku hiyo hiyo, dirisha wazi na baridi yote hii ya Leeds, jirani wa juu akashuka akagonga kuuliza kama kuna kitu kimeungua. Nikamwambia hapana, hiyo ni harufu ya kwetu.

Sasa nije kwenye jambo. Shangazi kanipigia wiki iliyopita, anazunguka zunguka, mara afya, mara mvua, mara mahindi, mwisho akatema, eti nasikia humo ndani hamuelewani. Sijui kasikia kwa nani na sitauliza. Mama sikudanganyi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja tuliishi kama wapangaji wawili. Si ugomvi wa sahani kuruka, hapana. Mkweo anabeba boksi usiku, anatoka saa tatu anarudi saa kumi na mbili asubuhi, na mi saa moja nishatoka, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama daladala mbili pale Buzuruga, madereva wanapungiana mkono basi. Mengine yote vikaratasi kwenye friji. Maziwa yameisha. Umeme umelipwa. Siku moja nikakaa nikahesabu nikakuta wiki nzima hatujaongea kitu kisichokuwa na bei.

Wazo la picha ni lake, nampa haki yake. Jumamosi ndo siku pekee wote tuko nyumbani na mjukuu wenu analala mapema, maana huku Desemba saa kumi jioni haijafika jua limeshazama, mtoto anajua ni usiku. Akasema tuwe tunapokezana, Jumamosi hii achague yeye muvi, inayofuata mimi, na ambaye si zamu yake hana ruhusa ya kulalamika wala kushika simu wala kusinzia, afu ikiisha tunachemsha chai tunaongea, na ukisema tu "nzuri" haihesabiki. Kujua nani aanze tukarusha sarafu. Nikaikagua kwanza pande zote mbili, na Baba anajua kwa nini. Baba unaikumbuka Sholay, ile ya 1975, tulivyoenda kuiangalia kwa jirani mwenye deki? Amitabh kila wakitaka kuamua jambo anarusha sarafu, mpaka anapokufa ndo rafiki yake anaiokota anagundua kumbe pande zote ni sura ile ile. Ulilia Baba. Ukasema ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa nje.

Basi akaanza yeye na za ngumi, Enter the Dragon ya Bruce Lee, na mi nilikuwa nimejiandaa kuchoka lakini mwenzenu kila ngumi ikipigwa anaeleza alivyoiona utotoni Tanga kwenye kibanda umiza, watoto arobaini kwenye mabenchi na joto lile, na kumbe siku moja aliiba nazi mbili za mama yake akauza apate kiingilio, akachapwa mpaka leo anaonyesha alama mguuni. Miaka sita ya ndoa hiyo alama naiona na nilikuwa najua aliumia kwenye mpira. Mi nikaleta Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, tukabishana mpaka saa saba za usiku, yeye anang'ang'ania kwamba kitabu cha Shafi Adam Shafi kina mengi kuliko picha, mi namwambia picha si kitabu, na tukalala kila mtu na msimamo wake lakini Mama, tulilala tunacheka.

Ila zipo mbili ndo zimenifanya niandike.

Ya kwanza niliichagua mimi, ya Wairani, inaitwa A Separation, ya Asghar Farhadi, ya 2011, na ilipata Oscar. Inaanza mke na mume wamekaa mbele ya hakimu, na hakimu mwenyewe humuoni, wanakuangalia wewe uliyekaa kwenye kochi lako, kama wewe ndo utahukumu. Mke anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao, vibali vishatoka. Mume anakataa, baba yake mzee kapoteza kumbukumbu, atamwachia nani. Mke anamwambia yule hata hajui kama wewe ni mwanae. Mume anajibu, lakini mimi najua kama yeye ni baba yangu.

Hapo nikaomba tusimamishe kidogo nikaenda jikoni. Baba ulipopata kile kiharusi mwaka juzi nilisema karatasi zetu zimekwama ndo maana sikuja. Ni kweli zilikwama. Lakini hata kabla hazijakwama nilikuwa naogopa kuja nikute hunitambui, hilo sikumwambia mtu, mkweo alilisikia kwa mara ya kwanza usiku huo nikiwa nimesimama na kijiko mkononi.

Nikarudi tukaendelea. Kuna mama mle ndani, mjamzito, anaajiriwa kumwangalia yule mzee mume akiwa kazini. Siku ya kwanza tu mzee anajikojolea, na huyu mama ni mtu wa dini, hajui kama anaruhusiwa kumbadilisha nguo mwanaume ambaye si mume wake, anachukua simu anapiga kuuliza kama ni dhambi. Mkweo akaguna kidogo kama anataka kucheka. Mi sikucheka. Mama, niliwaambia nafanya kazi hospitali. Si hospitali, ni nyumba ya wazee, nawaogesha, nawabadilisha, nawalisha, na siku yangu ya kwanza nilipewa mzee wa kiume, umri kama wa Baba, na ningekuwa na namba ya kupiga kuuliza ningepiga. Nilijifungia chooni nikajiuliza hivi Mama akiniona. Sasa hivi nimeizoea kazi na wazee wangu nawapenda, kuna bibi mmoja kila asubuhi ananiuliza jina afu anasema ni jina zuri, kila asubuhi kana kwamba ndo mara ya kwanza kulisikia. Ila sikutaka kuendelea kuwadanganya, na mdogo wangu kama umesimama kusoma hapo endelea tu.

Kilichochekesha ni kwamba mkweo alimtetea yule mke anayetaka kuhama, na mi nikamtetea mume anayegoma. Mimi, ambaye ndo nilimvuta yeye tukaja huku! Nilitetea kwa nguvu zote, nikapiga na meza, mpaka akanyamaza akaniangalia, akasema taratibu, kumbe unataka kurudi. Sikumjibu. Ile picha inaisha binti kaulizwa na hakimu atakaa na nani, wazazi wanasubiri nje kwenye korido na majina yanaanza kupanda, jibu hulisikii. Nikamwambia basi na kwangu acha majina yapande.

Wiki iliyofuata zamu yake. Kaja anatabasamu, eti leo nakupeleka kwenu. Alikuwa ameona tu sehemu kwamba imepigwa Mwanza, hajasoma zaidi, maskini, alidhani ataniona nafurahi. Darwin's Nightmare, ya yule Muaustria Hubert Sauper, ya 2004. Mnazikumbuka kelele zake. Inaanza na jamaa wa mnara wa uwanja wa ndege anahangaika kuua mdudu kwenye kioo, nikacheka, nikasema ona, ona ziwa lile! Nilikuwa nimeshuka chini kwenye kapeti kama mtoto. Afu zikaja zile ndege kubwa za Ilyushin, ambazo sisi tulikuwa tunazipungia mikono zikipita juu ya mawe, mnakumbuka, tunapiga kelele tuletee pipi. Picha inauliza zinakuja na nini zikifuata minofu yetu ya sangara, na inadokeza silaha za vita vya majirani. Kuna dada anayejiuza kwa marubani, anaimba Tanzania Tanzania nakupenda kwa moyo wote, sauti nzuri, na baadaye unaambiwa ameuawa na mteja. Nikapanda kwenye kochi.

Halafu mapanki. Lori linamwaga, mifupa na vichwa vya sangara vimeanikwa, mabuu chini, moshi, na akina mama katikati. Mkweo akanong'ona, "Hivi wanakula hivi?"

Nikamwambia ndio tunakula. Tena nikasema tunakula kwa sauti ya juu, kama vile yeye ndo alishika kamera. Nikamwambia hivyo unavyovikunjia uso ndo vilinilipia ada, viatu, ndo bati la nyumba ile uliyolala ulipokuja kutoa mahari ukasifia samaki. Nikamwambia huyo mzungu kaingia Mwanza hajaona mtu anacheka, hajaona harusi hata moja, hajaona Jumapili Kirumba, kaona mabuu tu. Nikamwambia hata Rais Kikwete mwaka 2006 aliilaumu hadharani na watu wakaandamana. Akaniuliza kwa upole, wewe uliandamana? Nilikuwa na miaka kumi na tatu Mama, nilikuwa nauza maandazi.

Chai ya siku hiyo hatukunywa. Lakini sheria ni sheria, asubuhi yake akaniambia hatujaongea. Kumbe usiku kakaa kusoma, akaniambia unajua sangara si wa ziwa lenu? Waliletwa na wakoloni miaka ya 1950, wakakua, wakawamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, aina kwa mamia zimepotea. Hapo ndo nikamkumbuka babu alivyokuwa analalamika kila tukimpelekea samaki, eti furu ndo samaki, haya ni madude, na sisi tunasema uzee. Babu alikuwa anasema kitu wazi kabisa na sisi tunacheka.

Nikaona nami niseme la kwangu. Kwamba nilimfokea kwa sababu ile picha ilinishika. Nilikuwa namtetea Mwanza lakini pua yangu ilikuwa imerudi darasa la nne, wewe Mama unatoka kiwandani na ndoo kichwani, maji yanachuruzika shingoni, unapita nje ya shule, na mi nainama chini ya dawati kama natafuta penseli ili wenzangu wasijue ni mama yangu. Mara nyingi tu Mama. Na ukija kunikumbatia jioni nasema nina homework. Naomba unisamehe, sijui kama uliwahi kujua.

Mkweo hakusema kitu kwa muda, afu akasema yule Muaustria labda kadanganya hapa na pale, lakini kama kila kitu ni uongo mbona wewe unalia. Nikamwambia kwa sababu mifupa ile ni kweli, ila Mama hayumo. Bado tunabishana hapo. Yeye anaona picha inayouma ndo yenye kazi, mi naona ukipiga picha jikoni kwa mtu bila kumuuliza kapika nini na kwa nini, umeiba. Juzi kanionyesha Mwanza ya sasa kwenye YouTube, daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, nikamwambia mi navuka hapo nikikumbuka foleni ya kivuko na karanga za kuchemsha, nitalia tena, akasema basi, yatosha machozi mwezi huu.

Kwa hiyo Mama nina swali, na ndo sababu hasa ya barua. Yale mapanki tulikuwa tunayala kwa sababu ni matamu, au kwa sababu minofu ilikuwa inapanda ndege? Maana wewe ulikuwa unasema kichwa ndo chenye mafuta, kichwa ndo chenye akili, mle mpate akili, na mi nikaamini mpaka leo. Sitaki unijibu vizuri, nijibu kweli.

Jumamosi hii ni zamu yangu na nimeamua niwape nyie. Baba achague. Akichagua Sholay sawa, ila ile inapita masaa matatu na mkweo Jumapili anaamka mapema, basi tutaigawa nusu mbili. Mdogo wangu apige video saa tatu za usiku za huko, kwetu itakuwa saa kumi na mbili jioni, hela ya bando nimetuma kwenye namba yake na asinunulie kitu kingine. Muwekee Baba kiti karibu, tuangalie pamoja, na sheria ni zile zile, hakuna kusinzia.

Na lile swali la mapanki nitumie kwa sauti Mama, usimpe mdogo wangu aandike, atalifupisha.

Wabeja sana. Mwanao.